Barua kutoka Guangzhou: Maiti Aliyeshukia Stesheni ya Dodoma

Mama, shikamoo. Baba mdogo, shikamoo nawe, ingawa nina neno na wewe na utalikuta huko chini. Dada, hujambo. Na wote mliopo hapo Chang'ombe, wapangaji na majirani, mbukwenyi.

Mimi ni mzima. Joto la huku halifanani na la kwetu. La Dodoma linakuchapa usoni, halafu ukikaa kivulini linakusahau. La Guangzhou linakuvaa kama blanketi bichi, mnalala nalo, mnaamka nalo. Nguo nilizofua Jumatatu, leo Alhamisi bado zinatafakari kukauka. Vile vigae vimeshapakiwa kwenye kontena kule Foshan. Mwambieni mwenye mzigo asinipigie saa nne usiku wa huko, maana huku ni saa tisa usiku na mimi si mlinzi.

Sasa lile suala la picha. Nimeona kwenye kundi la ukoo mmeanza kuulizana kama nirudishwe nipelekwe hospitali ya Mirembe kutibiwa akili, kwa hiyo bora nieleze lote kwa maandishi.

Mwezi wa saba wa kalenda ya Wachina, ambao kwetu huangukia karibu na Agosti, ni mwezi wa mizimu. Jioni watu hutoka na ndoo za bati, wanachuchumaa pembeni mwa barabara na kuchoma hela za karatasi ili marehemu wao wasikose matumizi. Siku hiyo nilikuwa natoka Xiaobei na sampuli za vitenge begani, nikamkuta mzee wa ghorofa ya chini anachoma za kwake. Upepo ukanyanyua karatasi moja ya njano, ikaja ikanipiga kwenye paji la uso, ikanata kwa jasho. Nikasimama tuli. Nilipojishtukia, nilikuwa nimebana pumzi.

Hapo ndipo iliponirudia picha ile. Mwaka 2002, Desemba, nina miaka tisa, kwenye kibanda umiza nyuma ya soko la Majengo: turubai, mabenchi, deki moja, televisheni yenye mgongo kama wa kobe, kiingilio shilingi hamsini. Nilikumbuka maiti wamepanga foleni wanaruka miguu yote miwili kwa pamoja, mikono imenyooka mbele, karatasi za njano zimebandikwa usoni. Nilikumbuka kijana anaendesha baiskeli na nyuma kapakia mwanamke, kumbe ni mzimu. Mwanamke kichwa kinachomoka, kinaruka chenyewe. Mchele mwingi. Pete. Mzee mwenye nyusi zilizoungana. Na mwisho wake, maiti mmoja anashuka stesheni ya Dodoma usiku wa manane, anatembea hadi kwao, anabisha hodi.

Jina la picha, sifuri. Nikawauliza ninyi.

Majibu yenu ninayo bado. Mama ulisema hiyo si picha, ni malaria, Desemba ile nilikuwa na homa. Baba mdogo ukasema ni Nagina, ile ya Sridevi ya mwaka 1986, ukatuma na ujumbe wa sauti wa dakika mbili ukiiga filimbi ya Amrish Puri akimwita nyoka. Filimbi ilikuwa nzuri. Lakini Nagina haina maiti wanaoruka, Baba mdogo, na wewe ulilijua hilo. Binamu wa Singida akasema ni Nsyuka ya Mussa Banzi, nikamkumbusha kwamba Nsyuka ilikuja baada ya mimi kuota meno yote. Mtu mmoja mwenye picha ya waridi, ambaye sijajua mpaka leo ni wa upande gani wa ukoo, akatuma maombi ya kufunga roho chafu.

Dada peke yake ndiye aliyenipa kitu cha kushika. Akasema pete ile ni ya Diamond Ring, ile ya Nigeria ya mwaka 1998, wanafunzi wa chuo wanafukua kaburi la mama tajiri, wanamvua pete, naye Liz Benson anatoka kuzimu kuidai. Nikaitafuta, nikaiangalia hadi saa nane usiku. Kweli pete ipo na mzimu upo. Lakini hamna hata maiti mmoja anayeruka, na mchele wote uliomo ni wa kula. Nikabaki na nusu picha ya Nigeria na nusu nyingine isiyo na baba.

Nisimame kidogo kwenye huo mchele, maana una deni. Katika picha ile, aliyeparuzwa na maiti alitibiwa kwa mchele, na maiti alizuiwa kwa mchele. Mimi na Dada tukauelewa ujumbe. Wakati ule nyumbani tulikula ugali wa mtama na mlenda siku zote za Mungu, na mchele ulikuwa mgeni wa sikukuu. Mama alikuwa amenunua kilo mbili za Krismasi, akazificha juu ya kabati, na sisi tukazishusha, tukazimwaga mstari mmoja kizingitini na mstari mwingine kuzunguka kitanda, tukalala kwa amani. Asubuhi kuku walishaamka kabla yetu. Mama, zile fimbo nazikumbuka kwa idadi.

Na ile ya kubana pumzi. Maiti wale hawaoni, wanakufuata kwa pumzi, ukiibana wanakupita. Usiku mmoja Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa anatoka chooni amejifunga shuka jeupe, tukakutana naye uani. Tukabana. Bibi akasimama kusubiri shikamoo yake. Shikamoo haitoki bila pumzi. Akasubiri. Mimi nimevimba mashavu kama mpuliza tarumbeta, Dada macho yametoka. Bibi akaondoka hajasema neno, na kesho yake kikaitwa kikao cha watu wazima kuhusu watoto wa siku hizi.

Basi, nikaamua kumuuliza yule mzee wa chini, kwa kuwa karatasi ilikuwa yake. Kichina changu ni cha biashara: bei gani, punguza, mzigo lini. Hakuna neno la maiti humo. Nikamvizia kwenye lifti, nikanyoosha mikono mbele, nikaruka mara tatu. Lifti ikatikisika. Kulikuwa na mama mmoja na mboga zake, akashuka ghorofa isiyo yake. Mzee akanitazama, akatazama paji langu la uso, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema neno moja, “geong-si”, ndivyo wanavyotamka Wakantoni, na yeye akaruka. Tulipofika chini watu wawili wazima tulikuwa tunarukaruka ndani ya lifti, na mlinzi alikuwa anatuangalia kwenye kamera.

Mjukuu wake alichukua dakika moja kuipata kwenye simu. Inaitwa Mr. Vampire, ya Hong Kong, mwaka 1985. Mwongozaji ni Ricky Lau, na mtayarishaji ni Sammo Hung, yule bonge wa kung-fu ambaye Baba mdogo ulikuwa ukiiga teke lake hadi ukachana suruali kwenye harusi. Nilihofia isiwe yenyewe, kwa sababu baada ya hiyo walitoa nyingine nyingi za maiti wa kuruka. Lakini baiskeli ilikuwepo. Nyusi zilizoungana zilikuwepo, ni za Lam Ching-ying, ndiye stelingi. Sisi tuliapizana kwenye mabenchi yale kwamba stelingi hafi. Kumbe wakati tunampigia makofi mwaka 2002 alikuwa amefariki tangu 1997.

Na mchele upo, Mama, sikia hili. Ni mchele wa kunata peke yake unaofanya kazi. Kuna muuza duka ndani ya picha anachanganya wa kunata na wa kawaida ili apate faida, na mgonjwa anakaribia kugeuka maiti kwa ajili ya tamaa ya muuza duka. Kwa hiyo kilo zako mbili zisingetusaidia chochote. Nilichapwa kwa kumwaga dawa, na dawa yenyewe ilikuwa feki.

Nikaiangalia yote nikiwa na mzee na mjukuu, tunakula karanga. Inachekesha kuliko inavyotisha, jambo ambalo mtoto wa miaka tisa hakuambiwa. Mwanzoni yupo mganga mwenye miwani anayeongoza maiti wanane usiku, na hao anawaita wateja wake. Mzee akasimamisha picha ili anieleze. Zamani, anasema, kule Xiangxi katika mkoa wa Hunan, mtu akifia mbali kwenye vibarua na ndugu hawana hela ya wabebaji, ilisemekana humlipa mganga awaongoze maiti hadi kwao kwa miguu. Walitembea usiku kwa kengele, ili watu wasikie na kufunga milango. Wengine husema maiti walifungwa kwenye mianzi mirefu na kubebwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mwanzi ukinesa maiti huonekana anaruka.

Nikaacha kutafuna karanga. Kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia, kwa Kiswahili, Majengo.

Mnamkumbuka mtafsiri wetu. Wakati ule kila mji ulikuwa na wake. Televisheni Bara ilianza mwaka 1994 tu na nyumba nyingi hazikuwa nayo, kwa hiyo kibanda ndicho kilikuwa sinema, na sinema bila mtafsiri ilikuwa ni watu wanapayuka. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye sauti yake ilizunguka nchi nzima kwenye mikanda. Uganda wana VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro. Sisi tulikuwa na yule mwembamba wa Kizota, mwenye maikrofoni aliyoiazima kwenye kwaya na hakuirudisha. Kikantoni hakujua hata salamu. Na pale wale wanane walipotokea alisema, nakumbuka sasa na sauti yenyewe, kwamba hao ni vibarua wa mkonge waliofia Kilosa, nauli ya treni imewashinda ndugu, wanarudishwa Dodoma kwa miguu, na kila anayewaona asiseme kitu, kwa sababu na yeye ana ndugu yake Kilosa.

Wakubwa walicheka. Halafu hawakucheka tena. Mimi nilidhani ni kwa sababu picha inatisha.

Mzee wa chini nilimweleza hivyo kwa msaada wa mjukuu na programu ya kutafsiri. Akauliza huyo mtu alisomea wapi. Nikasema Kizota.

Lakini picha ilipokwisha, stesheni ya Dodoma haikuwemo. Hodi haikuwemo. Pete haikuwemo. Maiti anachomwa moto na habari inaishia hapo. Nikarudi kwenye kundi la ukoo kuuliza tena, na hapo ndipo, Baba mdogo, baada ya wiki tatu za kunipigia filimbi ya nyoka, ulipoandika mstari mmoja: “Si umeme ulikatika.”

Wiki tatu! Wewe ndiye uliyekuwa mlangoni na kopo la kiingilio. Ulijua tangu siku ya kwanza.

Kwa ambao hawakuwepo: umeme ulikatika pale pale kichwa cha yule mwanamke kilipochomoka na kuruka. Giza totoro, watoto wanalia, watu wazima wanadai hela zao, na kopo, kama ulivyokiri, lilikuwa limeshapungua kwa sababu ulitumwa sigara na chips. Mtafsiri akasema kaeni chini, nani kawaambia picha imekwisha. Akaendelea gizani. Hakuna deki, hakuna televisheni, hata maikrofoni ilikuwa imekufa. Alichukua pete ya Wanigeria akamvisha Mchina, akampandisha maiti mmoja kwenye behewa la mizigo pale Kilosa baada ya wenzake kuchoka kuruka, akamshusha stesheni yetu, akampitisha Jamatini, akampandisha hadi Chang'ombe mtaa kwa mtaa, na watu wa kila mtaa wakiguna akiutaja. Hakuna aliyedai hela yake tena. Tangu nianze kuangalia picha, na nimeangalia nyingi, nusu saa nzuri kuliko zote niliiangalia nimefumba macho kwenye chumba chenye giza.

Kwetu sisi tulio huku habari hiyo ya maiti kurudishwa kwao imekaa vibaya kidogo. Mwaka jana tulichangishana kumrudisha mwenzetu aliyefariki. Jeneza, vibali, ndege hadi Dar es Salaam, gari hadi kijijini kwao. Nilikuwa mweka hazina. Sitataja kiasi, ila naelewa kwa nini mtu angemwita mganga mwenye kengele.

Sasa ombi. Mimi sikusikia mwisho. Maiti alibisha hodi kwa mama yake mara mbili, naye mama ndani akauliza nani, na hapo nikasinzia. Dada ulinibeba mgongoni hadi nyumbani na unasema ulikuwa umeziba masikio. Baba mdogo unasema ulikuwa nje unagombana na muuza chips. Nasikia yule mtafsiri bado yuko Kizota, anakarabati redio na feni. Dada, Jumamosi ukishuka sokoni pitia kwake, msalimie sana, mpelekee kilo mbili za mchele kwa gharama yangu, wa aina yoyote. Umuulize kama yule mama alifungua mlango. Nauli ya bodaboda naituma leo, na ya Baba mdogo naikata.

Ni mimi mtoto wenu,
Guangzhou.