Baraza la Dukani Midgaard

Duka la silaha mjini Midgaard, mji wa DikuMUD, mchezo wa maandishi matupu uliotungwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na kutolewa mwaka 1991. Hapa tumo katika mchezo uliochipuka kutoka huo, CircleMUD, ambao Jeremy Elson aliutoa mwaka 1993. Shoka na Upanga wananing'inia ukutani. Mzee Dadu ameketi kwenye kaunta. Juu ya mlango yuko Kasuku, mtangazaji wa mapigano. Mbwa koko amejilaza kizingitini.

SHOKA: Nani kabandika vibao hivi? Mimi nimeandikiwa pigo la 1–12, mwenzangu la 2–12. Kumbe tunatofautiana kwa moja tu, tena kule chini ambako hakuna anayetazama!

UPANGA: Ndiyo maana tunauzwa bei moja.

MZEE DADU: Kibao hakikudanganya, wajukuu zangu. Kimemeza nusu ya habari. Wewe Shoka unarushiwa dadu moja ya pande 12, na kila namba ina nafasi sawa na nyenzake. Upanga anarushiwa dadu 2 za pande 6, na hizo huanguka kwa namna 36. Saba inapatikana kwa namna 6. Kumi na mbili inapatikana kwa namna moja tu, sita na sita.

SHOKA: Kwa hiyo kwenye 12 nampita?

MZEE DADU: Mara 3. Katika mapigo 36, wewe utaipata kama mara 3, yeye mara 1.

SHOKA: Mmesikia? Andikeni hilo kwenye kibao!

MZEE DADU: Tuandike na la pili. Mapigo dhaifu, ya 3 kushuka chini, wewe utayapata mara 9, yeye mara 3. Ile mara 3 uliyojisifia juu inakusubiri chini. Ukijumlisha yote, wastani wako ni 6.5, wake ni 7.

MBWA: Mbavu zangu zinathibitisha. Shoka akija, sijui kama nitacheka au nitakufa. Upanga ni kama kodi ya nyumba: haipungui sana, haizidi sana, na haisahau kuja.

KASUKU: Kucheka? Hapo umeingia kwenye kazi yangu! Pigo la 1 au 2 nalitangaza: "Unamtekenya." La 3 au 4, "unamkata kwa taabu". La 7 hadi 10, "kwa nguvu". La 11 hadi 14, "kwa nguvu sana". La 20 hadi 23, "unamchinjachinja vipande vidogo vidogo". Likipita 23, napaza sauti kwa herufi kubwa: UNAMTEKETEZA!!

MBWA: Na likifika 240?

KASUKU: UNAMTEKETEZA!!

MBWA: Sawasawa na 24?

KASUKU: Ngazi zimeniishia, bwana. Niteketeze mara ngapi?

MBWA: Basi tuseme kuna joka lenye uhai 500. Mchezaji analipiga 23, nawe unatangaza kuwa limechinjwachinjwa vipande vidogo vidogo. Maskini anashusha pumzi, anaitazama hali ya joka, anaambiwa: lina mikwaruzo michache. Vipande vidogo vidogo vyenye mikwaruzo michache! Kisha vipande hivyo vinamla.

KASUKU: Mimi nimeajiriwa kutangaza pigo. Aliyepigwa ana idara yake.

MBWA: Hata pigo lenyewe hulijui lilikotoka. Nikipigwa nimelala, hesabu inazidishwa mara 2. Dadu inaanguka 6, inakuwa 12, wewe unatangaza "kwa nguvu sana", na mchezaji anajipiga kifua kwamba mkono wake sasa umekomaa. Mkono gani? Ni usingizi wangu!

UPANGA: Si utaje namba tu, Kasuku? Mchawi akinisomea uchawi wa kutambua silaha, anaambiwa bila kuficha: dadu ni 2D6, wastani ni 7.0.

KASUKU: Na aliyesoma hayo akaruka kwa furaha ni nani?

MZEE DADU: Zamani hatukuhitaji ubishi huu. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, nilirushwa mezani mbele ya macho ya watu. Nikianguka vibaya, walinilaani mimi, na nilizistahimili laana zao. Kupamba pigo ilikuwa kazi ya msimamizi wa mchezo, naye alijua joka limebakiwa na uhai kiasi gani. Akisema "limeyumba", ujue limeyumba. Mtandaoni nimefungiwa ndani ya programu, na mapambo amekabidhiwa Kasuku, ambaye akipewa namba haulizi ni ya nani.

KASUKU: Mnaniona mimi ndiye mwongo, na wachezaji je? Baldur's Gate 3, mchezo wa mwaka 2023, una kitu kinaitwa dadu za karma. Zimewashwa tangu mwanzo, kazi yake kuzuia mikosi isiandamane. Watu wanataka dadu ya haki, lakini ikiwakataa mara 3 mfululizo, imerogwa.

MZEE DADU: Mimi sikumbuki nilivyoanguka jana. Wao ndio hawasahau, tena wanakumbuka kwa kuchagua.

KASUKU: Haya, nijaribu ukweli wenu. "Umelitoa joka 23 kati ya 500. Limebaki na 477. Dadu zimekupendelea, usizoee."

MBWA: Hiyo sasa ni habari!

KASUKU: Hiyo ni risiti. Nani atapigana usiku kucha ili asomewe risiti?

(Mteja anaingia, amebeba mfuko wa dhahabu.)

MTEJA: Hodi wenyewe! Nataka silaha. Vibao sivielewi. Kasuku, kati ya hawa wawili, nani aliwahi kukufanya upaze sauti?

KASUKU: Shoka, mara moja. Ilianguka 12, aliyepigwa alikuwa usingizini, ikawa 24.

MBWA: Aliyepigwa anakusalimu.

MTEJA: Nifungieni Shoka!

(Analipa, anatoka na Shoka begani.)

UPANGA: Na wastani wangu wa 7?

KASUKU: Pole, ndugu yangu. Wastani hauna herufi kubwa.