Mgeni Siku Mbili, Deni Siku Ngapi?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, deni liliingia Januari na madaftari ya watoto, na hadi Mei halijashika jembe. Lilikula, likalala, na kila mwisho wa mwezi likasogeza sahani tena. Tulilitendea kwa adabu zote za mgeni: hatukulitaja kwa sauti wala kuliuliza linaondoka lini. Wakati huohuo paa lilikuwa linavuja, choo cha nje kimezibwa kwa pazia, na kuta zinasubiri plasta.

Mwongozo huu ni kwa nyumba kama hiyo, yenye wageni waliozoea na mafundi wanaongojwa. Tumeupitia sisi wenyewe hatua kwa hatua, na kila hatua naiamini.

Hatua ya 1: Waite wageni wote sebuleni

Subirini watoto walale. Toeni daftari moja kubwa, kalamu moja, na simu zote mbili mziweke mezani. Kisha kila mmoja awataje wageni aliowaingiza kwa mlango wa nyuma.

Mke wangu, ambaye huniita kwa kazi yangu, alianza. "Mwalimu, nisikilize mpaka nimalize." Akasema dukani kwa Mangi tunadaiwa shilingi 64,000, za mchele na sabuni alizoandikisha kidogo kidogo. Akasema pia alikopa 50,000 kwenye programu ya simu, na tayari wameanza kuwatumia watu wa kwenye simu yake ujumbe kwamba yeye ni mdaiwa sugu. Dada yake wa Morogoro alikuwa ameupata. Alilisema hilo huku akikunja na kukunjua pembe ya kitambaa cha meza.

Zamu yangu ilipofika nilitaja mkopo wa benki, ambao alikuwa anaujua, na wa mtaani, ambao hakuujua: 300,000 za kausha damu. Tukanyamaza mpaka feni ikasikika. Halafu akaivuta kalamu, akaandika.

Andikeni mambo manne kwa kila mgeni: kiasi kilichobaki, riba, tarehe ya kulipa, na anachokula kwa mwezi. Hilo la nne ndilo litakaloongoza yote yanayofuata. Msilaumiane usiku huo. Ukimzomea mwenzio leo, kesho atamficha mgeni mwingine, na deni hupenda sana nyumba ambayo watu wake hawaambiani.

Hatua ya 2: Mjue mgeni kwa sahani yake

Wageni hawafanani. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara ni mgeni mstaarabu: amekuja na barua, anajua siku ya kuondoka, anachukua chake kabla hujaamka. Mwache amalize muda wake. Kosa ni kumwongezea siku, kukopa tena juu ya mkopo ule kabla haujaisha ili ununue makochi. Kanuni inayotaka mtumishi wa umma abakiwe na walau theluthi moja ya mshahara wake iliwekwa kwa sababu. Theluthi hiyo ndiyo chakula cha watoto.

Deni la dukani ni jirani. Halina riba, ila lina macho. Ukikwepa kupita mbele ya duka, umeshaanza kulilipa kwa heshima yako. Tulikwenda wote wawili kwa Mangi, tukamwambia tutalipa 4,000 kila Jumamosi kutoka kwenye maandazi ya mke wangu, na hatuandikishi tena. Alifungua daftari lake, akapiga mstari chini ya jina letu, akasema, "Mama, mimi nilitaka kuambiwa tu." Wiki 16, likaisha.

Kausha damu ni mgeni aliyeingia dirishani. Jina lake limejieleza lenyewe. Hakuachii karatasi, anashika kadi yako ya benki, na hapendi uulize maswali. Kabla hujamfungulia yeyote wa aina hii, fahamu kwamba tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Omba kuona leseni. Mkopeshaji halali hakasiriki akiombwa leseni.

Lile la programu tulilifuta kwa mshahara wa mwezi uleule, ingawa tulikula dagaa wiki mbili mfululizo. Deni linalomtweza mama wa nyumba mbele ya ndugu zake halingoji foleni.

Hatua ya 3: Anayekula zaidi ndiye ashike jembe kwanza

Hapa watu wengi huteleza, kwa sababu wanamtazama mgeni mwenye mwili mkubwa badala ya mwenye mdomo mkubwa. Kausha damu yetu ilikuwa 300,000 tu, lakini riba yake ilikuwa asilimia 30 kwa mwezi, yaani 90,000. Februari, Machi, Aprili, Mei tulilipa riba peke yake, kwa sababu ndiyo tuliyoiweza. Piga hesabu: 360,000 zimetoka mfukoni, na zile 300,000 bado ziko palepale, hazijapungua hata mia.

Mke wangu ana hisa kwenye kikoba cha mtaani. Mwisho wa Mei akaomba mkopo wa 300,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu. Marejesho yalikuwa 115,000 kila mwezi: 100,000 za mkopo na 15,000 za riba. Tukaimaliza kausha damu siku hiyohiyo, na kadi yangu ikarudi.

Itazame hesabu hiyo kwa utulivu. Tulikuwa tunatoa 90,000 kila mwezi bila mwisho. Kwa kuongeza 25,000 tu, mwisho ukaonekana: Agosti. Na riba ya kikoba haiendi mbali, kwa sababu kikoba kikivunjwa mwisho wa mwaka sehemu yake hurudi kwa wanachama kama gawio.

Lakini kuhamisha deni kuna masharti mawili, na ukivunja hata moja umejichimbia shimo la pili. Riba mpya iwe ndogo kuliko ya zamani, na mlango wa zamani ufungwe kabisa. Anayekopa huku ili alipe kule, kisha akarudi kule tena, sasa ana wageni wawili na kitanda kilekile.

Hatua ya 4: Itafute pesa ndani ya nyumba yako

Ile 25,000 ya nyongeza ilitoka wapi? Kwenye daftari. Siku 30 tuliandika kila kilichotoka, hata karanga za mia mbili. Kutoka stendi hadi kwetu ni dakika 15 kwa miguu, na mimi nilikuwa napanda boda kwa 1,000 kila jioni. Siku 22 za kazi, 22,000. Vifurushi vya siku vya simu zetu mbili, tulipovigeuza kuwa kimoja cha mwezi kwa kila simu, vikaokoa 18,000. Jumla 40,000. Zikaenda 25,000 kwenye deni, na 15,000 kwenye kopo la maziwa tuliloliandikia kwa kalamu nyekundu: NYUMBA.

Someni na risiti ya umeme wa LUKU. Ukiona uniti zimekuja pungufu kuliko ulivyotarajia, usimtuhumu mtoto kwa pasi. Kodi ya jengo hukatwa humohumo tangu 2021. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Iwekeni kwenye bajeti kama mnavyoweka chumvi.

Na ogopeni kununua kwa kupimiwa. Mafuta ya kupima, sukari ya robo, mkaa wa kopo: kila kipimo ni kidogo na bei yake ni kubwa. Mwezi wa kwanza tulinunua kidumu cha mafuta tu. Wa pili tukaongeza sukari. Mkaa wa gunia tuliufikia mwezi wa nne. Huhitaji kuruka vyote kwa mkupuo.

Hatua ya 5: Jamii nayo ipewe bahasha yake

Hakuna bajeti ya Mtanzania iliyokamilika bila kadi za michango. Kamati ya harusi inakutafuta, msiba unakuja bila hodi, na kipaimara cha mtoto wa jirani kiko Jumapili. Anayekuambia uache kuchangia hajawahi kufiwa mtaani. Watu hawa ndio watakaobeba jeneza lako.

Tenga bahasha moja kwa mwezi, kiasi unachokiweza, na itoshe. Ikiisha kabla ya mwezi, toa nguvu. Mke wangu alimwambia mwenyekiti wa kamati moja waziwazi: "Mwezi huu sina ya kadi, ila nitakuja alfajiri kumenya viazi." Alimenya na wenzake tangu saa kumi na moja, na bibi harusi alimtaja ukumbini kabla ya waliochangia kadi za dabo. Utu una sarafu nyingi, na noti ni mojawapo tu.

Hatua ya 6: Tengeneza kinachokula kabla ya kinachong'aa

Kila aliyehamia kwenye pagale ana orodha kichwani. Yetu ilikuwa na marumaru ya sebuleni, fensi, mlango wa choo, plasta ya nje, na paa. Igaweni orodha hiyo sehemu mbili. Upande mmoja andikeni kinachokula: kinachoharibu kingine kila siku kinapoachwa. Upande wa pili kinachong'aa: kinachopendeza macho ya wageni. Pesa iende upande wa kwanza mpaka uishe.

Masika yote tulilala na beseni chini ya kona ya chumba cha watoto. Tone lilikuwa linaangukia ukingoni, na mtoto wa pili alijifunza kulala huku akilihesabu. Juu, ubao wa dari ulikuwa umepata duara la rangi ya chai, na kila mvua duara liliongezeka upana wa kidole. Paa lile lilikuwa deni la tano, lenye riba yake, ila hatukuwa tumeliandika.

Kopo la NYUMBA lilipofika 30,000, baada ya miezi miwili, tukamwita fundi. Alipanda, akatuita tuangalie kutoka kwenye ngazi: misumari saba karibu na kofia ya paa ilikuwa imelegea, raba zake zimepasuka kwa jua, na maji yalikuwa yanafuata shimo la msumari. Akaing'oa, akapiga mipya minene zaidi, akaziba. Vifaa na ufundi, 28,000. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kukopa kwa ajili ya bati jipya zima. Kabla hujakopa kwa ajili ya tatizo, panda ngazi ukalitazame kwa macho yako.

Hatua ya 7: Jenga kwa kalenda, lipa kwa hatua

Mwaka wetu wa pwani una masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Paa lifanyiwe kazi kiangazi, na Januari iachwe kwa ajili ya shule, maana ada na sare hazijui kwamba wewe unajenga.

Ukipata pesa kidogo kidogo, usirundike saruji. Mfuko wa kilo 50 uliokaa sakafuni miezi kadhaa hunyonya unyevu na kuganda, na utakuja kuuvunja kwa nyundo. Geuza pesa hiyo kuwa tofali. Tofali likishafyatuliwa na kumwagiliwa maji walau siku saba, linakusubiri uani bila kudai chochote, na hakuna shemeji atakayeliazima likaliwa.

Kwa fundi, nunua vifaa mwenyewe, andikianeni makubaliano hata kwenye karatasi ya daftari, na mlipe hatua ikikamilika. Hesabu mifuko mitupu jioni. Mpe chai pia, na umlipe siku mliyoahidiana. Ukimchelewesha fundi umekopa kwake, tena bila kumuomba ruhusa.

Hatua ya 8: Sahani ya mgeni isirudi kabatini

Hii ndiyo hatua ninayotaka uikumbuke ukisahau nyingine zote. Agosti ilipoisha na kikoba kikatupigia mhuri wa mwisho, ile 115,000 ilikuwa huru. Ni siku ya hatari kuliko siku ya kukopa. Mkono umezoea kutoa, moyo unataka kupumzika, na mtaa mzima una vitu vya kuuza.

Septemba, tarehe ileile ya marejesho, mke wangu aliitoa 115,000 kama kawaida, akaongeza 15,000 za kopo, akaziweka mezani zote 130,000. "Mgeni ameondoka," akasema, "lakini sahani yake naendelea kuipakua. Sasa anakula nyumba." Mwezi ule choo kikapata mlango wa mbao wenye komeo. Binti yetu wa darasa la sita aliufunga na kuufungua mara nyingi sana jioni ile, na hatukumkataza. Oktoba tukaanza tofali za fensi. Marumaru bado yako upande wa kinachong'aa, na zamu yake itafika.

Vuli ilianza usiku wa Jumanne. Niliamka kwa mlio wa mvua juu ya bati, nikainuka kwa mazoea kwenda kulitafuta beseni. Lilikuwa uani, limejaa nguo alizoloweka mke wangu tangu jioni. Nikasimama mlangoni mwa chumba cha watoto, nikasikiliza. Yule wa pili alikuwa amelala fofofo, hahesabu kitu.