Choo Kilichopanda Punda

Mtu wa Mombasa akisikia una nyumba Amu, yaani mji wa Lamu, haulizi bei wala hati. Anauliza gari unaliegesha wapi. Unamwambia gari linabaki bara, Mokowe, na kutoka hapo ni boti hadi gati ya Lamu, kisha miguu. Hapo hukutazama kwa husuda: "Raha gani hiyo! Hakuna honi, hakuna moshi, hakuna foleni." Huwa sibishani naye. Ambaye hajawahi kupandisha friji ngazi za nyumba ya mtaa wa Mkomani, mwache aote.

Sifa za kisiwa ni za kweli, sizikatai. Mji wa Kale uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na aliyeupanga mji huu alipima njia kwa mabega ya binadamu na mbavu za punda. Magari machache ya serikali yapo kisiwani, lakini hayana la kufanya vichochoroni. Nilichokuwa sikijui kabla ya kuhamia huku ni kwamba gari, pamoja na kubeba kwake kote, kumbe lilikuwa likinisitiri. Mombasa unanunua kitu, unakitia kwenye buti, unafunga, unaingia getini, na jirani hajui umeleta godoro au maiti. Amu hakuna buti. Chochote kinachoingia nyumbani mwako kinapita kwanza mbele ya mji mzima, kwa mwendo wa punda, mchana kweupe.

Chukua mfano wa choo. Mama mkwe alikuwa anakuja kukaa nasi, na magoti yake hayakuwa tena ya kuchuchumaa. Mke wangu akasema, kwa ile sauti isiyo na mjadala, kwamba mama atawekewa choo cha kukalia. Kikanunuliwa Mombasa, kikapanda basi kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, kikavuka bahari kwenye boti la abiria huku bibi mmoja akiwa ameweka kikapu chake cha maembe ndani ya bakuli la choo hicho. Mpaka hapo heshima ilikuwapo. Gatini tulimpata kijana na punda wake.

Punda hubeba kwa shogi, na shogi lina sheria moja: pande zote mbili zilingane. Upande wa kulia tukatia bakuli la choo. Upande wa kushoto tukatia tangi lake la maji, likawa jepesi, tukaongeza sinki, bado, tukaongeza furushi la vigae mpaka mnyama akasimama sawa. Kifuniko hakikupata nafasi. Nikakibeba mimi, shingoni, maana mikono ilikuwa na mabomba.

Tukaingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji, watu wakitoka kuswali alasiri.

"Simile! Simile!" kijana alipaza sauti, kana kwamba kuna aliyekuwa hajatuona. Wanawake wa mabuibui wakajibana ukutani. Watoto wa chuo cha Kurani wakatufuata. Tulipofika kwenye daka la wazee, kibaraza cha mlangoni penye kivuli, punda akasimama. Hakuyumba, hakulia, alisimama tu kama afisa wa forodha.

"Msukume," nikasema.

"Ami, huyu akisimama hapa ni mpaka atake mwenyewe," kijana akajibu, akatoa simu yake.

Wazee walikuwa na wakati. Mmoja akauliza ni kipya au cha mtumba. Nikamwambia kipya. Wa pili akauliza rangi yake ni nyeupe au ni ya maziwa, kwa kuwa nyeupe huonyesha kutu ya maji. Wa tatu, ambaye baadaye niligundua ndiye mwenye akili kuliko sote, hakuuliza habari ya choo. Alikitazama kile kifuniko shingoni mwangu, akanitazama mimi, akasema taratibu: "Mwanangu, ngazi umezipima?"

Ngazi hazikuwa zimepimwa. Choo kilipita, kwa rehema za Mungu na kwa kuegemezwa ubavu, lakini habari zilikuwa zimekwisha kututangulia. Mama mkwe alipowasili wiki ile, kila daka alilolipita lilimpa salamu za heshima zote, na zote ziliishia na, "Na magoti, mama?" Naye ni mwanamke aliyeficha umri wake maisha yake yote.

Sasa nije kwenye nyumba zenyewe, maana huko ndiko fedha zinakoliwa. Nyumba ya zamani ya Amu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imeshikwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu, mchwa huiogopa, lakini haikui ndefu upendavyo wewe. Kwa hiyo chumba cha Kiamu kinaweza kuwa kirefu mno, ila upana wake haufiki mita tatu. Wenye mji walilijua hilo wakaishi nalo kwa busara: kitanda kirefu, mkeka, zidaka ukutani za kuwekea vyombo vya kauri. Hawakuagiza kochi la pembe.

Sisi tuliletewa kochi la pembe. Zawadi ya arusi ya shemeji, iliyochelewa kwa miaka, ya rangi ya damu ya mzee, kubwa kuliko sebule iliyokusudiwa. Mahamali wanne walilifikisha mlangoni kwa mkokoteni, wakaligeuza kila upande uliopo duniani, kisha wakaketi juu yake kichochoroni kunywa chai. Njia ikaziba. Punda watatu wa mchanga wakapanga foleni nyuma yake, na nyuma ya punda kukawa na jeneza tupu la msikiti likirudishwa. Ndipo nikaijua foleni ya Amu. Ile ya Mombasa angalau ina redio.

Aliyetuokoa ni fundi seremala. Alilitazama kochi kwa huruma, akauliza kama mwenye zawadi ataweza kuja kulitembelea karibuni, tukamwambia hapana, akatia msumeno. Leo lina vipande vitatu, na shemeji akipiga simu huambiwa linakalika vizuri.

Ukimaliza chumba, panda juu. Nyumba nyingi za kale zina jiko juu kabisa, karibu na paa, ili moshi na joto vitokee huko. Ni fikra nzuri sana kwa yule ambaye kuni zake zilibebwa na mtu mwingine. Siku hizi ni mtungi wa gesi, na hamali wa Amu hatozi kwa kilo peke yake. Hutazama ngazi kwanza. Huuliza zina kona ngapi. Kisha hukutazama wewe, viatu vyako na namna unavyohema, ndipo anataja bei. Sijawahi kuona mhasibu mwenye hesabu safi kama hiyo, na wala simlaumu. Mgongo ni wake.

Kuna na bahari, ambayo haijali miadi yako na fundi. Mawe ya ujenzi hukatwa Maweni, kisiwani Manda, ng'ambo tu hapo, unayaona. Lakini mashua iliyojaa mawe haiwezi kupakua pwani wakati maji yamekupwa. Itakaa matopeni ikiinama na wewe utakaa ukutani ukiitazama. Mafundi wako wamekuja alfajiri, wamekunywa chai, wamekula mahamri, wamelala. Maji yakijaa, ni wakati wa swala na chakula. Ukitoka huko, ni jioni. Nahodha akiulizwa atapakua lini hujibu neno moja: "Bamvua." Na wakati wa bamvua lenyewe hali hugeuka, maji hupanda mpaka yakamwagikia njia ya ufukweni, na mchanga ulioununua na kuurundika hapo huanza safari ya kurudi ulikotoka. Mwenye nyumba Amu hujifunza kuhesabu mwezi kuliko muadhini. Maji mafu, bamvua, kupwa, kujaa: hiyo ndiyo ratiba ya ujenzi, na mkandarasi akikuletea nyingine ujue ametoka bara.

Wa kwetu alitoka bara. Alizicheka kuta za chokaa. Akasema chokaa ni mambo ya Wareno, akaupiga ukuta wa chini plasta ya saruji, ukang'aa kama benki. Tatizo ni kwamba matumbawe yametoka baharini na chumvi yake haijasahau kwao. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu chini na kuutoa kwa kupumua. Chokaa huuruhusu, saruji huuziba pua. Haukupita msimu mmoja wa mvua, plasta ikavimba, ikapasuka, kipande kikaanguka katikati ya kisomo cha watoto. Mzee wa daka, yule aliyeuliza habari ya ngazi, akaja kutupa pole, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akasema, "Mmemfunga mdomo." Tukabandua saruji yote, tukarudi kwenye chokaa. Vifusi vikatoka kwa punda, gunia kwa gunia, kupitia mbele ya watu walewale waliokuwa wameiona saruji ikiingia. Hakuna aliyesema neno. Afadhali wangesema.

Kuhusu punda nina machache tu, kwa kuwa wao wenyewe husema sana, hasa usiku wa manane. Wanaosifu ukimya wa kisiwa kisicho na magari walilala hotelini, kijiji cha Shela. Punda wa Amu akimaliza kazi huachiwa azurure, na huchagua dirisha la kulilia kwa makini. Lakini heshima yao ipo. Tangu 1987 wana hospitali yao mjini, iliyofunguliwa na shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, na matibabu ni bure. Kijana wetu aliwahi kuahirisha mzigo wangu wa vigae kwa sababu punda alikuwa na miadi ya daktari. Siku hiyo mimi mwenyewe nilikuwa na mgongo unaouma na sikuwa na miadi popote.

Na kabla ya yote haya, kuna kununua. Nyumba kongwe haiuzwi na mtu, huuzwa na ukoo. Mwenyewe alifariki, kukagawanywa mirathi, warithi nao wakafa wakaacha warithi, na sehemu nyingine pengine ni wakfu ambayo haiuziki kamwe. Sahihi za nyumba yetu zilitafutwa Lamu, Mombasa na Muscat. Yule wa Muscat alikuwa na fungu dogo lisilotosha kuweka kiti, lakini alitaka aelezwe kila chumba kwa simu, akalia kidogo, akakumbuka embe alilokula uani utotoni, kisha akapandisha bei. Mgeni asiye raia naye ajue: Katiba ya Kenya ya 2010 haimpi umiliki wa milele wa ardhi, humpa ukodishaji usiozidi miaka 99. Na ukishaipata nyumba, si kila kilicho juu yake ni chako. Ile wikio inayovuka kichochoro juu ya mlango wangu ni chumba cha jirani. Nasikia akifungua redio. Yeye, bila shaka, husikia zaidi.

Siku hizi pikipiki zimeingia kisiwani, na ndani ya Mji wa Kale zimekatazwa. Majadiliano ya jambo hili huwa makali kila penye daka. Vijana wanataka riziki, wazee wanataka kuvuka njia bila kukimbia, na wagonjwa wanataka kufika hospitali. Mimi niko upande wa katazo, kwa moyo wote, isipokuwa siku ya gesi.

Nyumba ya jirani, hiyo yenye wikio, sasa inauzwa. Warithi ni saba, hakuna wa Muscat. Boriti zake ni nzima, kisima kina maji, na kuta hazijaguswa na saruji. Ukitaka kuiona njoo na tepu ya kupimia, uanzie ngazini. Choo cha kukalia kimo tayari.