Sinema Nyuma ya Usukani

Google ilipoleta Android Auto, mfumo unaounganisha simu na skrini ya gari, mwaka 2015, iliweka mpaka: dashibodi ni ya ramani, muziki na kusomewa ujumbe. Tamthilia gari likitembea, hakuna.

Mwenye gari akasikia, akacheka. Akafungua mipangilio ya Android Auto kwenye simu, akagonga namba ya toleo mara kumi kama mdai aliyefika mlangoni kwa mdaiwa, mpaka menyu ya wasanidi ikafunguka. Akaruhusu "vyanzo visivyojulikana", kisha akapakia programu ya video ambayo duka rasmi halina.

Anayeona kugonga ni kazi huenda kwa fundi. Skrini nyingi za gari zina waya mwembamba wa breki ya mkono: breki ikishushwa, video inakatika. Fundi anauunga waya huo kwenye bodi ya gari, na skrini inaamini gari limeegeshwa milele.

Gari lenyewe halijaambiwa. Kwa kilomita 80 kwa saa, linakata mita 22 kila sekunde.

Tesla nayo iliruhusu michezo ya skrini gari likiwa mwendoni. Desemba 2021 wakaguzi wa usalama Marekani wakafungua uchunguzi, kampuni ikaifunga.

Tamthilia hurudiwa usiku, bwana dereva. Kaitazamie sebuleni.