Monita ya Hz 144 na Shemeji wa Hz 50

Laptopu iliingia nyumbani kwetu Tabata kwa jina la masomo. Kifungua mimba wetu anasoma usanifu majengo, na alituapia kwamba bila kadi ya picha yenye nguvu hawezi kuchora hata banda la kuku. Baba yake akauza pikipiki, laptopu ikanunuliwa. Ilikuwa na taa za rangi chini ya vitufe, chaja iliyohitaji mfuko wake yenyewe, na feni zilizovuma hadi jirani akauliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Majengo yalichorwa, sikatai. Ila kuanzia saa tatu usiku chumba kile hakikutoa sauti ya penseli, kilitoa milio ya risasi na kelele za mabao.

Kisha ikaja monita. Kijana alidunduliza bumu lake la chuo, akaenda Kariakoo, akarudi na boksi limejaza bajaji. Ilikuwa imetumika, inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, na juu ya boksi namba moja imeandikwa kubwa kuliko zote: 144Hz. Maana yake kioo hicho kinaweza kubadilisha picha mara 144 kila sekunde. Monita ya kawaida ya ofisini hubadilisha mara 60. Kwenye hiyo ya ofisini kila picha hukaa karibu milisekunde 17. Kwenye hii ya kijana, milisekunde 7 tu. Wacheza gemu wanasema tofauti hiyo ndiyo huamua nani anapigwa risasi kwanza. Nilimwambia pia huamua nani anarudia mtihani kwanza. Akacheka, akaanza kutafuta waya.

Waya haukuwemo ndani ya boksi. Wa HDMI uliokuwepo nyumbani ulikuwa mmoja, nao ulikuwa kazini, umeunganisha king'amuzi na televisheni ya sebuleni. Sasa, mama mkwe wangu ni mtu asiyedai mengi. Anadai chai ya tangawizi, utulivu wa kuswali, na tamthilia yake ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Kijana alichomoa waya katikati ya ugomvi wa mawifi, pale siri ya mtoto ilipokuwa inataka kutoka. Mpaka leo Bibi anaamini siri ile ilitoka usiku huo na yeye peke yake Tanzania nzima ndiye hakuisikia.

Chumbani picha ilitokea mara moja, kubwa, safi, tukapiga makofi. Lakini kijana hakupiga. Alifungua mipangilio ya Windows, akaingia sehemu ya skrini, akashuka hadi kwenye mipangilio ya ndani zaidi, akakuta imeandikwa 60. Akafungua orodha achague kubwa zaidi. Orodha iliishia 75.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Mdogo wake baba watoto aliwahi kufanya kibarua cha kufunga nyaya za umeme kwenye majumba, na tangu hapo hakuna kifaa kinachoharibika ukoo mzima bila yeye kutoa hukumu. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akatazama ile 75, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Shem, hapa mmeliwa. Umeme wa nchi hii ni wa Hz 50. Hiyo monita ni ya Marekani, kule wana 60. Mia na arobaini mtazitoa wapi?"

Baba watoto, ambaye hesabu ya pikipiki ilikuwa bado inamuuma, alianza kukubali. Wakazungumzia stabilaiza. Wakazungumzia jenereta. Kitinda mimba wetu, binti wa kidato cha tatu, alikuwa pembeni akila embe la chumvi na pilipili. Akauliza kwa adabu: "Baba mdogo, kama umeme wa 50 ndio unaizuia, mbona sasa hivi iko 60, na 75 inakubali?"

Shemeji akanywa chai.

Nimtetee kidogo, kwa sababu hoja yake haikuokotwa barabarani. Televisheni za zamani kwenye nchi za umeme wa Hz 50 zilichora picha mara 50 kwa sekunde, na za Marekani mara 60, na chanzo ni umeme wenyewe: mafundi wa enzi hizo waliona kuifuata kasi ya gridi kunapunguza usumbufu kwenye picha. Tatizo la shemeji ni kuchelewa tu. Monita ya leo huubadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme mnyoofu, kama wa betri, kabla haujafika kwenye kioo, na umeme mnyoofu hauna Hz hata moja.

Washukiwa wakabaki waya na matundu, na kama kawaida waya ndio uliohukumiwa bila kusikilizwa. Kijana alirudi Kariakoo, akaja na waya mnene uliosukwa nyuzi, umeandikwa 8K pande zote mbili, bei ambayo sikuambiwa. Orodha ikaishia 75 vilevile. Faida ni moja: king'amuzi kilirudishiwa waya wake na mimi nikapata amani ya jioni.

Akapunguza ukubwa wa picha hadi 1920 kwa 1080. Ikapanda hadi 120! Nyumba ikashangilia, shemeji akisema ndiyo aliyokuwa anashauri. Kisha kijana akafungua mchoro wake wa jengo, na maandishi yote yakawa na ukungu, maana kioo cha pikseli nyingi kililazimishwa kukuza picha ya pikseli chache. Baba watoto akauliza kama laptopu ya masomo haipaswi kusomeka. Lilikuwa swali zuri, na lilijibiwa kwa kimya.

Ushauri wa mwisho wa shemeji ulikuwa adapta. Nyuma ya monita kulikuwa na matundu mawili ya HDMI na moja la DisplayPort. Yeye akanunua kiungio cha bei ya soda mbili, HDMI upande huu, DisplayPort upande ule. Kioo kikawa cheusi, kikaandika hakuna mawasiliano, kikalala. Viungio hivi vya bei rahisi huenda njia moja. Kompyuta yenye DisplayPort mara nyingi inajua kubadilika na kutoa HDMI. HDMI haijui kutoa DisplayPort. Kwenda kinyume kunataka kiungio chenye chipu ya kutafsiri ndani yake, na mara nyingi huomba umeme wa USB juu yake. Duka lilikataa kukipokea tena kile cha shemeji. Kipo kwenye droo ya vijiko.

Wakati wanaume wanabishana, binti alikuwa amefanya jambo ambalo kwetu huonekana la aibu: alisoma kitabu cha maelekezo. Alikikuta kwenye mtandao wa mtengenezaji, akaja na daftari. Matundu ya HDMI ya monita ile ni ya toleo la 1.4, toleo la mwaka 2009. Akazidisha mbele yetu: 2560 mara 1440 ni pikseli 3,686,400. Kila pikseli inabeba biti 24 za rangi. Mara 144 kwa sekunde, unapata karibu gigabiti 12.7 kila sekunde. Tundu la HDMI 1.4 linapitisha data ya picha gigabiti 8.16 basi. Hz 60 zinapita, 75 zinapita, 144 hazipiti hata uning'inize waya wa dhahabu. Laptopu ilikuwa na HDMI 2.0, yenye uwezo wa kutosha, lakini mawasiliano hushuka hadi uwezo wa yule mdogo. Tundu la DisplayPort, lile ambalo hakuna aliyeligusa kabla ya adapta ya shemeji, lilikuwa la toleo la 1.2, linalopitisha zaidi ya gigabiti 17.

"Na laptopu haina DisplayPort," alisema kijana kwa unyonge.

Binti akaigeuza laptopu ubavu. Pembeni ya tundu dogo la USB-C kulikuwa na alama ndogo, herufi D iliyobeba P tumboni. Hiyo ndiyo ishara kwamba tundu hilo linatoa picha ya DisplayPort. Si kila USB-C inatoa picha, mengine ni ya chaja na faili tu, ndiyo maana alama inafaa kutazamwa kabla ya pesa kutoka. Waya wa USB-C kwenda DisplayPort ukanunuliwa, safari hii binti akiwa ndiye mshika pochi.

Ulipochomekwa, skrini ikasoma 60. Shemeji akavuta pumzi ya ushindi. Binti akafungua orodha, akachagua 144, kwa sababu Windows haikuichagua yenyewe. Ikakubali. Usiku huohuo luku ikaisha katikati ya mechi. Monita ikazima, laptopu ikabaki kwenye betri na gemu likawa zito, maana bila chaja kadi ya picha hujibana. Shemeji alisema Hz 144 zinakula umeme. Hakujibiwa.

Aliyeona tofauti kwanza hakuwa mchezaji. Bibi alipita kutafuta miwani, akasimama nyuma ya mjukuu wake, akatazama mshale wa kipanya ukikatiza kioo. "Leo kanateleza," akasema. "Juzi kalikuwa kanarukaruka." Kisha akataka tamthilia yake ihamie pale. Ikabidi aelezwe kwamba televisheni zetu hurusha picha 25 kwa sekunde, na kioo cha 144 hakiongezi hata moja. Akasema yeye hajali idadi ya picha, anataka kujua mtoto ni wa nani.

Ombi langu ni kwa wauzaji wa monita zilizotumika pale Kariakoo. Pembeni ya hiyo 144 mnayoinadi kwa kalamu nene, andikeni na tundu linaloifikisha: DisplayPort au HDMI, toleo lipi. Ni mstari mmoja tu.