Chai Isiyokolea ya La Paz

Kwa mtu wa Pwani, aliyezoea birika tangu hajajua kufunga vifungo vya shati, hakuna fedheha inayochoma kama kufundishwa ugenini jinsi maji yanavyochemka, na fedheha hiyo ndiyo inayomngoja msafiri wa Tanga au Mombasa anayefika La Paz, jiji la Bolivia lililojibanza katika bonde la Milima ya Andes kwenye kimo cha takriban mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, ila hapa pana mabenki, foleni za magari na watu wenye haraka zao.

Msafiri wa aina hiyo, ambaye jana yake alikuwa akitokwa jasho Santa Cruz, jiji la tambarare lililo kwenye mita 400 na kitu, huletewa asubuhi kikombe cha chai chenye rangi ya maji ya kusuuzia vyombo. Kwa Kihispania cha kuokoteza humweleza mama mwenye nyumba ya wageni kwamba maji hayajachemka. Birika huenda jikoni, hurudi, na chai ni ileile. Msafiri naye hurudia malalamiko kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mwenyeji ana tatizo la masikio. Ndipo mama huyo, bila kununa, humshika mkono na kumpeleka jikoni, ambako maji yanatokota kwa fujo, mfuniko unacheza, dirisha limefunikwa na mvuke, na majani ya chai yanazunguka humo yakitoa rangi kwa ubahili mkubwa. Wageni wengine huacha mikate yao na kuja mlangoni kutazama.

Chanzo cha yote ni kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo unaotokana na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushindana na mgandamizo huo. Pwani, ambako hewa ni nzito, ushindi hupatikana kwenye nyuzijoto 100 za Selisiasi, lakini La Paz, ambako kanieneo ni kama theluthi mbili tu ya ile ya baharini, maji hutokota kwenye nyuzijoto 88 hivi. La ajabu zaidi, na ambalo msafiri aliyeaibika hulikataa hadi alione kwa macho, ni kwamba kuongeza moto hakusaidii kitu, kwa kuwa joto lote la ziada huishia kuyageuza maji kuwa mvuke, na sufuria hukauka kabla nyuzijoto 90 hazijafikiwa. Maharage nayo hukaa motoni hadi mpishi akate tamaa. Ndiyo maana sufuria ya presha, ambayo mfuniko wake huuzuia mvuke ili kanieneo ya ndani ipande na maji yapate moto zaidi kabla ya kuchemka, si anasa katika jikoni za huko. Somo humalizika kwa kikombe cha majani ya koka, kinywaji halali nchini Bolivia, ambacho hakidai nyuzijoto 100 za mtu yeyote.

Madhila mengine ni madogo: ngazi za ghorofa ya tatu humkalisha msafiri kitako, huku bibi mwenye mzigo wa viazi mgongoni akimpita, na chupa ya losheni iliyofungwa Santa Cruz hufoka mara tu inapofunguliwa.

Wanaomcheka waikumbuke timu ya soka ya Argentina, ambayo tarehe 1 Aprili 2009, ikiwa na Diego Maradona kama kocha na Lionel Messi uwanjani, ilifungwa mabao 6 kwa 1 katika jiji hilohilo. FIFA ilikwisha kujaribu mwaka 2007 kuzuia mechi za kimataifa katika viwanja vilivyozidi mita 2,500, Bolivia ikaja juu, na katazo likasitishwa mwaka uliofuata.

Kuna jambo moja, hata hivyo, lisilochekesha. Katika miji mingi wenye fedha hupanda vilimani kutafuta mandhari. La Paz wameshuka, wakajenga Zona Sur, mitaa ya bondeni yenye joto na hewa ya kutosha, na kule juu El Alto, zaidi ya mita 4,000, kwenye upepo na baridi, wakabaki zaidi watu wa jamii ya Waaymara waliohamia kutoka mashambani. Tangu mwaka 2014 vibanda vya kebo vinapita angani kati ya pande hizo mbili, vikiwashusha asubuhi watu wanaokwenda kupika na kufagia nyumba za wengine, na kuwarudisha jioni kwenye hewa haba. Mgeni huuziwa oksijeni ya kopo dukani na kupewa pole. Wao husemwa tu kuwa wamezoea.

Tukirudi kwenye chai, Sorata, mji mdogo mtulivu wa Bolivia ulio chini ya mlima Illampu wenye mita 6,368, haudhalilishi mtu. Uko kwenye mita 2,700 hivi, una miti mirefu ya jamii ya mnazi uwanjani na mbwa wasioamka kwa ajili ya gari, na maji yake huchemka kwenye nyuzijoto 91, kiasi cha chai kunyweka kwa mtu asiye na kinyongo. Barabara ya kurudi La Paz hupitia El Alto, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 86.