Mjomba Kafungua Akaunti

Hapa Tukuyu mvua haiulizi msimu, na sasa mjomba naye haulizi mtu. Tangu anunue simu janja kwa hela ya parachichi, amefungua Facebook, WhatsApp na TikTok mchana mmoja. Nywila ni ileile kotekote: jina lake na mwaka wa kuzaliwa. Kaiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa duka lake, asije akaisahau. Wateja nao hawajaisahau.

Picha ya kwanza aliipigia Daraja la Mungu, kwenye Mto Kiwira. Daraja halionekani, kuna ukungu, kofia, na kidole gumba kilichotokea vizuri sana. Chini kaweka namba ya simu, namba ya NIDA na salamu: "Ugonile, dunia!"

Dunia imeitika. Daktari wa jeshi la Marekani, mjane mrembo, kamtumia sanduku la zawadi. Eti limekwama forodhani, linasubiri hela ya kulikomboa. Na huyu ndiye mjomba ambaye mchuuzi akimpunja shilingi mia kwenye mkungu wa ndizi, kesi inafika kwa balozi wa nyumba kumi.

Nimemweleza habari ya uthibitisho wa hatua mbili, ili alinde akaunti zake. Akanitazama kwa huruma: "Mpwa wangu, hatua mbili kuelekea wapi?"